Rukia au Lukia

Mjukuu wangu Zaitun,

Salamu kutoka Jinja. Sisi wazima, na mama yako amefungua duka tena. Kijiji chetu kizima cha Wanyange nimeshakitangazia kwamba wewe ndiye unayekagua sahihi za kura za mapema huko Amerika.

Unauliza ufanyeje sahihi isipofanana. Nilipokuwa msichana Mbale, ushirika wetu wa kahawa ulichagua mwenyekiti. Mimi nilikuwa nasafiri, nikapiga kura mapema, nikatia sahihi juu ya bahasha: Rukia. Kumbe daftarini karani aliniandika Lukia, kama alivyotamka. Wengine walitaka bahasha itupwe. Lakini mkaguzi, afande mstaafu, Mgisu wa hapo hapo Mbale, alinifuata kwa baiskeli hadi kituo cha teksi.

"Dada, wewe ni Lukia ama Lukia?" Ulimi wake nao haukuijua r.

"Yote ni mimi, afande."

Akacheka, akanitaka nitie sahihi nyingine, akailinganisha na ile ya bahasha, akarudi nayo. Kura yangu ikahesabiwa. Nilipanda teksi kifua mbele, utadhani mwenyekiti ni mimi.

Huko baiskeli huna, lakini simu unayo. Najivunia wewe, mwanangu.

Hapa chini nimetia sahihi ya daftarini. Tuone kama utanitupa.

Jaja wako,
Lukia