Kiti cha Kijani

Utah, Ijumaa asubuhi

Kwako dada Lorna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Curtis, na goti limeacha kukusumbua. Huku miili yetu haina neno. Baba anakusalimu, anasema umwagilie nyanya zake, usisingizie mvua.

Ulinionya tuagize nafasi ya kambi tangu Januari, nikakucheka. Jumanne tulifika hifadhini saa nne asubuhi, pamejaa. Tulizunguka mara sita tukiwavizia wanaokunja mahema. Baba alinung'unika kwamba mama angekuwa hai tungekuwa tumeshakunywa kahawa, kisha nyonga ikamchosha, akasinzia. Mbali juu ya milima kulikuwa na wingu jeusi. Kwetu jua lilikuwa kali, hakuna aliyelijali wingu hilo.

Alipoamka, kadi yetu ya kudai nafasi ilikuwa imebanwa kwenye nguzo namba kumi na saba na hema limesimama. Akasema nina bahati ya mtende.

Lakini kabla hajaamka alikuja mzee mmoja, Orrin, ametoka langoni kulipia, kadi mkononi. Aliitazama kadi yetu, akaniuliza kama nimeona kiti cha kijani. Alikiweka hapa, au labda kule. Tangu mkewe afariki, alisema, kichwa chake kimekuwa gunia lililotoboka. Aliomba radhi kwa kunisumbua, akaniuliza pa kwenda. Nikamwelekeza nje ya hifadhi, kwenye mchanga wa mto mkavu, chini ya daraja, ambako hakuna malipo.

Jioni maharage yakiwa jikoni, tukasikia mngurumo kutoka mtoni. Anga letu lilikuwa jeupe, Lorna, na maji ya mvua ya milimani yalikuja mekundu, yamebeba miti mizima. Sisi tulikuwa juu, hayakutugusa. Kesho yake walilikuta gari la Orrin maili mbili chini, magurudumu juu, mwenyewe hayumo. Mpaka leo wanamtafuta. Askari wa hifadhi walipita kuuliza nani alizungumza naye. Nikawaambia kidogo tu, kwamba alikuwa mzee aliyechanganya namba. Baba akaguna kwa huruma, akasema uzee ni mbaya.

Hakuchanganya. Unajua kama mimi kwamba kiti kikiachwa katikati ya nafasi, mwenyewe kaenda kulipia, na hakiguswi. Nilikigusa. Nilikikunja, nikakificha chini ya mablanketi garini, nikajaza kadi yetu. Na pale mtoni nilimpeleka kwa sababu nilitaka aondoke machoni pangu kabla Baba hajaamka. Naona haya, dada, hata kwa kuandika.

Leo Baba alitafuta blanketi, akakiona. Anadhani nilimnunulia kwa ajili ya nyonga yake, amenishukuru mara mbili. Amekikalia ukingoni, juu ya mto, anawatazama watafutaji. Mgongoni mwa kiti pameshonwa kwa uzi mwekundu, Orrin na Mae, naye ameyaegemea majina hayo hajayaona.

Nikishaifunga barua hii nakwenda kwa askari. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisirudi nyuma. Ila kabla ya askari, itabidi nimwombe Baba asimame.

Msalimie Curtis. Usiwaambie watoto bado.

Mdogo wako,
Wendell