Aliyesukuma Vioo Kwenye Mulima

Mujukuu wangu Masika,

Amani ya Yesu ikukute huko kiwandani. Sisi tuko wazima. Mukaka, nyanya yako, anakohoa kidogo, lakini bado anaimba kanisani.

Umeniuliza kama ningeogopa kile kigari cha umeme cha kiwandani kwenu, kinachovuta vioo bila kelele. Mimi nilishaogopa zamani. Wakati wa vita, mimi na rafiki yangu Kambale tulipelekea dispensaire, zahanati ya Kimemi, vioo vya madirisha, kwa chukudu yetu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, haina pedali. Wagonjwa walikuwa wanalala kwenye baridi, na kama hivi vingevunjika, mujini hakukuwa vingine. Mimi nilivuta mbele, Kambale akasukuma nyuma. Kwenye mulima anayesukuma hasemi kitu; akichoka, anapiga ubao mara mbili, tunasimama.

Mchana ule barabara ilikuwa tupu, watu wamekimbia. Katikati ya mulima chukudu ikawa nyepesi kabisa. Nyuma ya vioo nilisikia pumzi ya mutu.

Nikacheka: "Kambale, leo umekula sombe ya nani, una nguvu hivi?"

Kufika juu, nikageuka. Nyuma hakuna mutu. Kambale alikuwa kule chini, katikati ya mulima, amekaa, ameshika mguu.

"Weye!" akapiga kelele. "Nilianguka huku chini! Ni nani anakusukumia?"

Vioo vyote vilikuwa vizima. Wagonjwa walifungiwa madirisha jioni ile.

Hata leo sijui ni nani, Masika. Lakini muzigo ukiwa mwepesi, nasema kwanza asante, ndiyo nageuka kuangalia.

Sokulu wako,
Paluku