Baada ya Teke

Jumatatu, 3 Februari 2025

Goti la kulia limegoma leo. Nimepanda ngazi za ukumbi nikishika ukuta. Darasani wamekuja sita. Mwaka juzi walikuwa ishirini na nne, mpaka wengine nikawa nawapanga juu ya jukwaa la kwaya. Ukumbi wa usharika ni uleule, mtaa wa Ngarenaro ni uleule. Aliyechakaa ni mwalimu.

Wengi wamehamia kwa Prosper, kule Engutoto. Prosper! Niliyemfunga mkanda wake wa kwanza kwa mikono hii. Sasa ana jimu, anafundisha ngumi na judo, na kwenye simu anarusha video: taekwondo ni dansi, njooni mjifunze kupigana. Jina langu hajalitaja. Adabu bado anayo.

Mchana nachomelea mageti, jioni nafundisha mateke. Miaka hamsini na moja. Mke wangu Ruth leo kaniuliza tena mezani — hivi Baba Sia, hayo mateke yako yamewahi kumsaidia nani? Nikasema, Nalepo. Akasema Nalepo yamempa medali, yeye kauliza kusaidia. Nikamalizia chai yangu.

Lakini Nalepo! Alikuja ana miaka kumi, mguu mwembamba kama fito. Sasa ana ishirini na mbili na mkanda mweusi. Teke lake la kichwa silioni likija, na mimi ndiye nilimfundisha. Kama kuna kitu kimoja cha kuonyesha kwa miaka yote hii, ni yeye.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Nalepo kavunjwa mkono!

Naandika hapa karakana, mashine nimezima. Mama yake kapiga simu sasa hivi. Saa nne asubuhi alikuwa anatoka dukani kwao Kisongo, akapita njia ya mkato nyuma ya mashamba. Kijana mmoja akamvuta mkoba. Nalepo akamlamba teke la kichwa. Moja tu. Jamaa chini! Muuza ndizi mmoja aliona yote, anasema tangu azaliwe hajaona mtu kuangushwa namna ile.

Halafu jamaa akaamka. Akang'oa nguzo ya uzio, akampiga nayo mkono wa kushoto, akaondoka na mkoba.

Hapo ndipo sielewi. Mwizi kaanguka, kaamka, kang'oa nguzo, na muda wote huo Nalepo yuko palepale? Binti anayekimbia kuliko wote ninaowajua?

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimetoka Kisongo kumpa pole. Natamani nisingekwenda.

Kafungwa plasta ngumu, POP, mpaka juu ya kiwiko. Alivyoniona tu: shikamoo mwalimu, nisamehe, nimekuangusha. Nikamwambia hujaniangusha, nieleze ilikuwaje. Akasimama kunionyesha, palepale uani, mbele ya baba yake Mzee Lesian. Mkoba ukavutwa hivi. Teke likaenda hivi. Kisha akarudi nyuma — hatua moja, hatua mbili, hatua tatu. Akaunganisha miguu. Mikono ubavuni, macho mbele. Akatulia.

Ukawa unafanya nini hapo? nikamuuliza. Akasema, sijui mwalimu, nilikuwa nasubiri. Nilisahau kila ulichonifundisha.

Hakusahau! Hakusahau hata kitu kimoja! Nami nikafungua mdomo wangu na kusema: usijali, mkono utapona.

Ndivyo nilivyosema. Mwalimu mzima.

Mzee Lesian kanisindikiza mpaka barabarani, fimbo begani. Tulipofika akasema, Mwalimu Mangi, binti anasema alisahau. Mimi nimechunga tangu mtoto, nimeona watu wakisahau. Mtu anayesahau hasahau kwa utaratibu namna ile.

Nikamwambia tutaongea. Nikapanda bodaboda.

Jumapili, 9 Februari 2025

Mahubiri sikuyasikia. Baada ya ibada nikafungua ukumbi, nikakaa nikatazama utepe mwekundu sakafuni.

Niliubandika mwenyewe mwaka aliokuja Nalepo. Kila mwanafunzi ana alama yake. Anatoka, anapiga teke. Likiwa safi napiga kofi moja. Akisikia kofi anarudi kwenye utepe, miguu pamoja, anasubiri. Kwa sababu kwenye mashindano ndivyo ilivyo: ukimwangusha mtu kwa teke, refa anawatenganisha, mnarudi, mnaanza upya. Wanafunzi wangu walikuwa wanasifiwa mkoa mzima kwa hilo. Nidhamu! Hakuna aliyempiga mtu baada ya kofi. Nilikuwa najivuna.

Jioni tatu kwa wiki, miaka kumi na miwili. Mwili wake hauwezi kufanya kingine. Pale nyuma ya mashamba alipiga teke safi la pointi tatu, akarudi kwenye utepe usiokuwepo, akamsubiri refa.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma, kala mtoto wa mwenzangu. Na bado nimemwacha aamini kosa ni lake. Naona aibu hata kuandika.

Jumatano, 12 Februari 2025

Geti la mteja limepinda, nimelirudia mara mbili. Joto. Darasani watano. Sijapiga kofi leo, wakaniangalia kama naumwa. Nimechoka mpaka kwenye ukucha.

Jumanne, 18 Februari 2025

Nimekwenda kwa Prosper. Ruth hajui.

Nilidhani atanicheka. Kanikimbilia mlangoni, shikamoo mwalimu, karibu mwalimu, akanivutia kiti mbele ya vijana wake. Nikasema sikuja kukaa, nimekuja kujifunza. Kisha akanipa koti la judo na mkanda mweupe. Mkanda mweupe, kwa umri huu!

Kijana mmoja kanikamata kola, nikaona dari. Kanikamata tena, dari tena. Akishanishika, mateke yangu yote yanakuwa mapambo. Hapo Prosper ana haki. Na kwenye ngumi — mikono yangu iko chini, kiunoni, kama nasubiri kukabidhiwa kifurushi. Maana kwetu ngumi ya uso hairuhusiwi, kwa hiyo hatujifunzi hata kuikinga. Nimekula ngumi tatu za pua. Za upole, lakini tatu.

Baadaye tukakaa nje tukinywa soda, nikamweleza habari ya Nalepo. Sikuficha. Nilidhani sasa atasema, si nilisema ni dansi. Akasema hapana mwalimu, teke lilifanya kazi yake. Kilichoharibika ni baada ya teke. Akasema kila mchezo una ugonjwa wake. Kijana wake mmoja wa judo alimwangusha mwizi sokoni, safi kabisa, akamlalia kifuani asimwachie, maana kwenye judo ndivyo unavyoshinda. Mwenzake mwizi akaja nyuma akamchoma bisibisi ya mgongo. Na bondia wake mmoja alivunja vidole viwili kwenye fuvu la mlevi — hakuwa na glovu, hajawahi kupiga bila glovu.

Nikamuuliza, sasa ipi ni bora? Akacheka. Akasema kwa binti peke yake njiani angechagua mguu, kwa sababu mguu unamweka mtu mbali. Ila kwenye video siwezi kusema hivyo mwalimu, nitafunga jimu.

Pua inauma. Moyo umepoa kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Nimemwambia.

Mbele ya baba yake, uani kwao. Nikasema, Nalepo, hukusahau kitu. Ulifanya kila nilichokufundisha, mpaka hatua ya tatu. Mkono wako umevunjwa na utepe wangu.

Alikuwa anachambua maharage kwa mkono mmoja, akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, ulijua siku ile ulipokuja? Nikasema ndiyo, nilijua ulipounganisha miguu. Akainua uso. Wiki mbili, mwalimu! Wiki mbili nalala najiita mjinga, na wewe unajua!

Akaingia ndani. Maharage yakabaki kwenye ungo.

Nilitegemea Mzee Lesian anifukuze. Kanipa kikombe cha maziwa ya mgando. Nimekunywa yote, ladha sikuisikia. Akasema, sisi wafugaji kijana tunamfundisha fimbo, lakini kupiga ni kazi ndogo. Ukishampiga mwizi, angalia ng'ombe wamekwenda wapi, uwafuate. Hubaki pale kumtazama aliyeanguka. Yeye si mali yako.

Taekwondo, judo, ngumi, sisi sote na mikanda yetu — na mzee kayasema yote akiwa ameegemea fimbo.

Nimeamua. Mkono ukipona na Nalepo akirudi darasani, nitaendelea kufundisha. Asiporudi, ufunguo wa ukumbi namrudishia Mama Fransiska, msafishaji na mtunza ukumbi, nibaki na mageti yangu. Mageti hayavunjiki mkono.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimebandua utepe. Umeacha alama, rangi ya sakafu chini yake bado mpya.

Zoezi jipya: piga, toka. Unapiga teke, unakimbia mlango wa ukumbi, unavuka uwanja, unagusa geti la usharika. Na viatu mguuni! Wasichana waje na sketi zao za kila siku, siyo zile suruali nyeupe. Teke la kichwa kwenye sketi ya kubana halipandi, tumegundua leo. Basi goti, au mfupa wa ugoko. Havina pointi. Vinauma sana.

Wamecheka. Mama Fransiska katoka na ufagio: Mwalimu Abdiel, siku hizi mnafundishana kukimbia? Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema na hayo matope yenu nani atapiga deki? Nikasema mimi. Nimepiga deki.

Lakini ajabu. Watatu kati ya sita walipiga teke, wakarudi hatua tatu, wakasimama palepale utepe ulipokuwa. Mara tano nawaambia, mara tano wanarudi. Na mimi je? Teke la kwanza safi — mikono yangu ikapiga kofi yenyewe! Nikaitazama.

Nalepo hajapiga simu. Nimemtumia ujumbe kumuuliza mkono unaendeleaje. Kausoma.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Mama yake kapiga. POP imetolewa jana, mkono umenyooka, umekonda. Nikampa habari ya zoezi la kutoka, amfikishie mzee. Nikauliza, anasemaje? Mama akasema: Hasemi, mwalimu.

Mvua imeanza. Mlima Meru haujaonekana siku nne.

Jumamosi, 29 Machi 2025

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, taya imevimba. Mama Fransiska kanipa chupa ya maji baridi niikandie. Mwandiko umeharibika, nisamehewe.

Kaja! Saa tisa, wenzake wakiwa hawajafika, yeye na baba yake. Shikamoo mwalimu. Akavua viatu mlangoni kama siku zote. Nikasema siku hizi tunavaa, akawa kama hakusikia. Akasema nataka kujaribu ile ya kutoka, baba kaniambia. Na nataka mwizi uwe wewe.

Sawa. Ni haki yake.

Nikavaa koti langu la kuchomelea na kofia ya kinga ya mashindano. Nikampa mkoba wa Mama Fransiska. Mzee Lesian akakaa kwenye benchi la kwaya, fimbo katikati ya magoti. Nikajificha nyuma ya nguzo — mtu mzima najificha nyuma ya nguzo! Alipopita nikauvuta mkoba, na nikauvuta kweli, kwa nguvu zangu, kwa sababu kumwonea huruma ndiko kulikotufikisha huku.

Teke sikuliona. Kama kawaida.

Nikajikuta nimelala kifudifudi, shavu kwenye saruji, naona nyayo zake tu. Ule wa kulia ukarudi nyuma. Hatua moja. Hatua mbili. Nikasema moyoni, Mungu wangu, hapana. Hatua tatu. Nyayo zikaungana, miguu pamoja, juu kabisa ya ile alama ya utepe. Nilitaka kupiga kelele, taya ikakataa.

Sijui zilikaa pamoja kwa muda gani. Kisha kisigino kimoja kikageuka. Na cha pili. Zikaondoka! Nikasikia zikigonga sakafu mpaka mlangoni, zikashuka ngazi, kisha matope. Nikajikongoja mpaka kizingitini. Katikati ya mvua alikuwa anavuka uwanja, mkoba kifuani, haangalii nyuma. Akafika kwenye geti. Hakuishia kuligusa. Akalifungua, akatoka.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo, nimelia. Mzee Lesian akatazama pembeni mpaka nikamaliza.

Hiyo ilikuwa saa tisa na nusu. Sasa inakaribia saa kumi. Wenzake wameshaanza kuingia, wananisalimia kwa woga kwa sababu ya taya. Mama Fransiska anauliza mkoba wake uko wapi.

Mzee kaniuliza, ulimwambia akishatoka arudi? Nikafikiri. Nimefundisha kupiga, nimefundisha kutoka. Nikasema hapana mzee, hilo sikumwambia. Akaitikia kwa kichwa. Basi amefuata ng'ombe, akasema. Lakini na yeye macho yako getini.

Viatu vyake viko mlangoni. Niliviingiza ndani visilowe, halafu nikavirudisha palepale alipoviacha. Wanafunzi wanauliza tuanze? Nimewaambia wasubiri kidogo. Mlango nimewaambia wauache wazi.