Ndiyo Zilizomezwa na Mashine

Burträsk,
Tarehe 21 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Tord,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mkeo Heather, na kwamba goti lako limeacha vituko vyake. Huko Dunedin, kusini mwa dunia, najua kondoo wanazaa wakati huu na unajitia huna hata muda wa kukaa. Sisi huku hatujambo. Baridi ya kwanza imeshaipiga bustani, lakini viazi tulikuwa tumevichimba mapema, na yule mbweha aliyekuwa akituibia viatu barazani amehamia kwa jirani. Kwa hiyo nyumba ina amani.

Shemeji yako Roland anakusalimu, ingawa si kwa maneno. Uzee unamzidishia ukimya. Ukimuuliza jambo, jibu lake ni kuvuta pumzi tu, vilevile kama baba. Unakumbuka Heather alipokuja kwetu mara ya kwanza, akamuuliza baba kama anataka kuongezewa samaki, baba akavuta ile "shup" yake? Heather aliruka akampiga mgongoni mpaka miwani ikaingia kwenye mchuzi, akidhani mzee amepaliwa na mwiba. Maskini, hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa huku kaskazini ndivyo tunavyosema ndiyo.

Najua hatujazungumza tangu kiangazi cha mwaka jana. Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu iko hapa mezani inaniangalia. Sababu ninayo na nitaifikia, lakini njia yake inapita kwenye podikasti. Vuta kiti.

Jiko la shule nililokuwa nikipika lilipofungwa, nilikwambia ningejiandikisha kujifunza kutengeneza tovuti, nawe ukacheka. Basi nilijiandikisha. Nina miaka hamsini na tisa na wanafunzi wenzangu wananiomba niwaonjeshe maandazi ya mdalasini, lakini kazi naiweza. Shida ni moja. Kila mwanafunzi lazima apate mtu wa kumpokea kwa mafunzo kazini kabla vuli haijaisha, na asiyepata anatolewa kwenye kozi. Niliwaandikia wote ninaowajua na wengi nisiowajua. Walinijibu kwa adabu kubwa sana, na adabu yote hiyo ilimaanisha hapana.

Mwalimu wetu akanishauri nisikilize podikasti za waandishi wa programu, ili masikio yazoee lugha yao na nijue nani yuko wapi. Beri nyekundu zilikuwa zimeiva, nikasema sawa, mikono ichume na masikio yasome. Nikavaa hedifoni nikaingia msituni na ndoo.

Podikasti ya kwanza ilikuwa ya vijana wawili wa Stockholm. Kipindi kizima walizungumza habari za kibodi. Usidhani walieleza wanachoandika kwa hiyo kibodi. Walieleza jinsi inavyolia ukiibonyeza. Kisha wakabonyeza, tukasikiliza, wakabonyeza nyingine, tukalinganisha. Ndoo ilijaa na sikuwa nimejifunza hata neno moja.

Ya pili ilikuwa ya Mmarekani anayecheka kabla hajasema kitu, na kila akikaribia jambo lenye maana anasimama kutangaza godoro. Nilimwambia Roland kuwa sasa naweza kumweleza tofauti ya godoro la sponji na la springi. Akaniuliza kama kozi yangu ni ya tovuti au ya samani.

Ya tatu ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu niliipenda. Bwana mmoja mwenye sauti tamu alisema kuna chombo kimoja tu cha kutengenezea tovuti, na anayetumia kingine anajipotezea maisha. Nikajifunza chombo hicho mpaka macho yakawa mekundu. Kipindi kilichofuata, kwa sauti ileile tamu, akatangaza kuwa chombo kimekufa na sasa kuna kingine. Nilimtukana papo hapo, katikati ya beri, na Roland akanyanyua kichwa kutoka kwenye kichaka chake.

"Unagombana na nani?"

"Na mtu wa kwenye simu."

"Naye anajua?"

"Hajui."

"Basi punguza sauti, kuna watu wanawinda."

Baada ya hapo nikajiwekea utaratibu. Wakianza kuchekeana wenyewe kabla hawajasema jambo, nafunga. Anayejua kila kitu, nafunga. Ninayembakisha ni yule anayesema "hapa nilikosea" kisha akaeleza alivyohangaika mpaka akalipata kosa, maana huyo ndiye anayekufundisha. Ukipata kijana huko kwenu anayetaka kujifunza kazi hii, mwambie hivyo kwa niaba yangu.

Kwa utaratibu huo nikampata Tuva. Ni binti wa Skåne, kule kusini kabisa, aliyehamia Umeå kwa ajili ya mapenzi, na podikasti yake anairekodi jikoni kwake, sufuria zinasikika. Siku ya kwanza alieleza kwa nini kompyuta huweka karibu nakala ya ukurasa ili isiuombe upya kila mara. Nikaelewa palepale, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiweka chumvi na siagi karibu na jiko. Tord, nilikaa kwenye kisiki nikatabasamu peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jiko lifungwe kujisikia kuwa mimi si mtu wa kuhurumiwa.

Siku moja mgeni wake akawa Folke Renström wa Vindeln, hapa hapa karibu. Anatengeneza tovuti za viwanda vya mbao na za wazishi, na anaifanya kazi hiyo peke yake tangu zamani. Alipoeleza jambo alieleza vizuri, kwa sentensi chache zilizonyooka. Kisha Tuva akamuuliza swali ambalo mimi ningemuuliza.

"Folke, vuli hii unaweza kupokea mwanafunzi?"

Kimya.

"Hata mtu mzima aliyebadilisha kazi?"

Kimya.

"Hata kama kazi yake ya zamani haikuhusu kompyuta kabisa?"

Kimya tena, halafu Tuva akasema kwa furaha kabisa kuwa sasa tuzungumzie picha zinazochelewa kufunguka.

Damu ilinichemka. Wote walionikataa kabla yake angalau walijisumbua kuandika. Huyu, mtu wa kwetu, hakuona hata haja ya kufungua mdomo. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, nikatafuta namba ya Tuva kwenye ukurasa wake, nikampigia.

"Mgeni wako ana kiburi," nikamwambia baada ya salamu. "Ukimuuliza jambo la maana anakaa kimya kama maji ya mtungi."

"Folke? Hapana, mama, Folke ni mpole mno. Tatizo lake ni pumu."

"Pumu gani?"

"Pumu mbaya sana. Kila nikimuuliza kitu anavuta pumzi kwa nguvu, shup, shup, mpaka nikamwonea huruma. Sikutaka watu wamcheke. Programu yangu ya kusafisha sauti ina kitufe cha kuondoa pumzi, basi nikakibonyeza. Zikafutika zote, safi kabisa."



"Tuva mwanangu, umekaa Umeå muda gani?"

"Huu mwaka wa pili."

"Na huyo mpenzi wako ni wa wapi?"

"Wa Lycksele."

"Ukimuuliza kama anakupenda, anajibuje?"



"Mungu wangu," akasema. "Mimi nilimpeleka kwa daktari."

Alinitumia sauti ambayo haijasafishwa. Nikaisikiliza jikoni pamoja na Roland. Unapokea mwanafunzi? Shup. Hata mtu mzima? Shup. Hata asiyehusika na kompyuta? Shup kubwa, ndefu, ya moyo wote, kama ile ya baba katika hadithi ya mama, alipoulizwa kanisani kama atamtunza. Roland alisema hajawahi kumsikia mtu akikubali kwa maneno mengi hivyo.

Asubuhi yake nikampigia Folke. Nikajieleza vizuri, jiko, kozi, muda unaokwisha, kisha nikamuuliza kama atanichukua. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Sasa niambie, ningefanya nini? Huenda ni ndiyo, huenda mtandao umekatika, huenda amekwenda kuchukua kahawa. Nilishikwa na woga, nikasema asante, nikakata.

"Twende," Roland akasema, na tayari alikuwa ameshika funguo za gari.

Folke ana nyumba ya njano karibu na mto. Alitufungulia mlango akiwa na soksi za sufi na uso wa mtu aliyeudhika.

"Ulinikatia simu," akasema.

"Hukunijibu."

"Nilikujibu. Mara mbili."

"Nilisikia kimya tu, Folke. Sasa niko mbele yako, naomba nikusikie. Unanichukua au hunichukui?"

Akavuta pumzi. Ilisikika mpaka kwenye gari. Kisha akasogea kando, nikaona ndani meza ya pili imefutwa vumbi, ina taa, na kikombe kimewekwa upande wa kiti kisicho na mtu. Alikuwa ameandaa mara tu nilipokata. Tukanywa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, kama ilivyo desturi yetu, na nilifurahi mpaka nikaomba kikombe cha pili. Naanza Jumatatu.

Sasa Tord, fika hapa polepole.

Tulipokuwa tunarudi nilimsimulia Roland jinsi yule kijana wa dukani alivyotusifia simu hizi tulizonunua mwanzoni mwa mwaka jana, kwamba zinaondoa kelele zote za pande zote mbili, upepo, mashine, hata mtu akihema. Roland akapunguza mwendo. Akasema, "Na ile siku Tord alipopiga?"

Uliniuliza mwaka jana, baada ya kumzika mama, kama ukija na Heather kiangazi kinachofuata chumba cha juu bado ni chako. Nilikujibu. Roland alikuwepo. Nilivuta pumzi kubwa mpaka paka akaamka. Wewe ukatulia kidogo, kisha ukaanza habari za mvua. Nami nikapanda juu nikatandika kitanda, nikatundika mapazia ya mama, nikangoja, hamkuja. Nikasusa. Nilimwambia kila aliyeuliza kuwa Tord siku hizi ni mtu wa kondoo.

Na kabla hatujaagana nilikuuliza kama bado unaona huku ni kwenu. Sikusikia kitu. Nililia, mdogo wangu, sitakuficha, nililia juu ya sinki nikasingizia vitunguu. Haikunipitia akilini hata siku moja kuwa pengine na wewe, huko mwisho wa dunia, ulijibu kwa njia pekee tuliyofundishwa na baba.

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Wino hauna kitufe cha kusafisha. Kwa hiyo jibu langu la mwaka jana nalirudia hapa, neno zima: ndiyo. Chumba ni chako, kitanda hakijatanduliwa, mapazia bado yananing'inia.

Na swali langu nalirudia pia. Nijibu kwa karatasi, Tord. Usivute pumzi.

Msalimie Heather, na umwambie alikuwa na haki ya kumpiga baba mgongoni. Wasalimie watoto, Kirsty na Lachlan, na yule mbwa asiyesikia. Shangazi Elsy anawakumbuka wote na anauliza kama kondoo wa huko wana mikia. Roland nimemsomea barua nzima nikamuuliza kama ana la kuongeza, akasema shup, nami nimeiandika isije ikapotea.

Mungu awalinde baharini na nchi kavu, awape mvua ya kutosha na njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyekujibu tangu siku ileile,

Gun-Britt