Gauni la Njano la Ndila

Jumatatu, 1 Novemba 1993

Mwalimu Wanjiro amekuja mpaka jikoni. Alikaa kwa kigoda, akanieleza. Kamati ya wazazi hawamtaki Ndila kwa sherehe ya Krismasi, siku ya kufunga shule. Si ubaya, eti. Ni kwa sababu ya mwaka jana.

Mwaka jana! Gauni jipya, wageni wote wameketi, na mtoto wangu akalivua katikati ya wimbo. Watu walicheka. Nikamfunika na leso, nikakimbia naye.

Mwalimu amewabembeleza. Wamekubali jambo moja tu: akiweza kukaa na nguo mpaka mwisho kama wenzake, atabeba nyota kwa wimbo wa Krismasi. Akishindwa, sherehe za shule asahau.

Miaka saba. Hajaniita mama hata siku moja. Lakini nyota anaweza kubeba.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimetoka sokoni Kikima. Gauni la njano, fundi alilishona nikingoja. Nimemvalisha — woi! Alilia kama nimemmwagia maji moto. Akawa anavuta shingo, anavuta.

Daktari kule Kitui alitaja jina la hali yake. Otizimu. Nimeandika vile nilisikia. Alisema watoto kama huyu, kelele inawaumiza, hata kitambaa kinaweza kuwaumiza. Mwaka jana nilisahau. Ama sikuamini. Nilitaka tu apendeze kama wengine.

Rinda lake kuukuu halivui hata kulala. Limelainika kama sikio la mbuzi.

Basi hili jipya nitalizeesha.

Jumamosi, 6 Novemba

Mtoni. Mara ya tano. Nimelisugua kwa jiwe mpaka vidole vinawaka. Jirani yangu Mbinya akasimama na mtungi: Mama Ndila, unafua ama unachinja? Mwingine naye: gauni la juzi, tayari ni la mwaka juzi! Nikacheka nao. Kisha nikainamia maji, nikalia kidogo. Hawakuona.

Jumatano, 10 Novemba

Susu, mama ya mume wangu, amenitazama nikifua siku zote hizi. Leo akasema: mishono ndiyo inamkwaruza, mgeuzie nje ndani. Kola akaikata mwenyewe na wembe. Krismasi na gauni la nje ndani!

Nalala nimelifunga shingoni, lishike harufu yangu.

Jumapili, 14 Novemba

Amelishika. Amelisugua shavuni. Hajalivaa.

Jumatano, 17 Novemba

Amelivaa! Kutoka chai ya asubuhi mpaka kuku wakaingia. Njano imepauka, imekuwa kama uji. Sijaona nguo nzuri kama hii.

Mwalimu anasema ngoma wataiacha, watapiga makofi ya vidole viwili. Ni watoto waliosema hivyo, si yeye. Nyota pia wamemsukia ya makonge, kwa sababu ile ya karatasi anaikunja, anaikunja, inaisha.

Mimi naota tu aniangalie siku hiyo. Kidogo tu.

Ijumaa, 19 Novemba

Naandika nje, karibu na jiko la shule, daftari kwa goti. Mwalimu aliniomba nisiingie: akikuona atakufuata. Kutoka hapa mlango nauona. Darasa limejaa.

Mbinya amekuja kando yangu na msichana wake analia, kola mpya imemchubua shingo. Akauliza polepole: Mama Ndila, lile gauni lako ulifua mara ngapi? Kumi na nne, nikamwambia. Hakucheka.

Wimbo umeanza. Vidole tu, kama manyunyu kwa mabati. Sasa ni ubeti wa nyota. Sisikii kicheko. Sisikii kilio.

Sisikii kitu!

Mlango umefunguka. Ni yeye. Viatu amevua. Gauni liko. Nyota iko, ameikumbatia kifuani. Nyuma yake wenzake wameacha kuimba, wanamngoja. Hakuna anayemvuta.

Ananitazama. Mimi! Machoni kabisa.

Nikifungua mikono tu, atakuja, na wimbo utaisha bila nyota. Mkono mmoja nimeukalia. Huu mwingine nimeupa kalamu ili usimwite. Ndani wameanza ubeti ule tena, polepole, kutoka mwanzo. Ndila amegeuza kichwa, anawaangalia wenzake —