Kwa Ng'washi, Aliyesema Kapigwa Teke na Ng'ombe

Ilomba, Mbeya
Alhamisi, alfajiri

Mdogo wangu Ng'washi,

Mwangaluka. Wengi hudhani kudai bima ni kumshtaki dereva. Ndiyo maana mama akiumia ndani ya gari la mwanawe hufunga mdomo, akidhani amemhurumia. Kosa hilo umelifanya wewe, na simu umeizima, ndipo nikashika kalamu.

Sisi tu wazima. Magoti yangu yanalalamikia baridi, lakini bado yananibeba. Nyonga inasemaje? Binti yako Catherine ananiambia huwezi kugeuka kitandani bila kushikwa, na bado kesho unataka kutoka wodini, eti ukaungwe na mganga wa mifupa huko Ubaruku. Sijatulia tangu niliposikia. Nakaa, nasimama, chai inapoa.

Nimesikia pia ulimwambia daktari kwamba ulipigwa teke na ng'ombe uani kwa Catherine. Muuguzi akauliza ni ng'ombe gani, maana binti yako hapo Iringa mjini anafuga kuku tu. Ukamjibu kwamba Msukuma hakosi ng'ombe. Wodi nzima ikacheka. Nami nilicheka, kisha nikakasirika.

Sasa nisikilize. Tangu nistaafu uhakimu niko kwenye kamati ya kanuni za mfuko wa ajali wa chama chetu cha wenye magari, na mwanao Yakobo ni mwanachama. Mfuko huu hauulizi nani mkosaji. Unauliza nani ameumia. Ila kanuni moja ya zamani ilisahaulika humo, ikisema ndugu wa dereva halipwi. Huku tunatoa, kule tunanyang'anya! Mwezi uliopita tuliifuta. Ni mstari mmoja tu, lakini kwako ni kutembea au kutotembea. Upasuaji wako utalipwa, hata kama aliyeshika usukani ulimzaa wewe. Sharti ni kwamba hospitali iseme uliumia garini. Ng'ombe hana bima.

Najua utaniuliza kuhusu polisi. Hilo mfuko hauliondoi, na hapo ndipo penye neno ninaloogopa kukuambia. Yakobo alikuja kwangu Jumatatu, akakataa chakula. Alisema alisinzia baada ya kupita Mafinga, gari likaingia mtaroni, nawe ukiwa umelala majanini na maumivu yako ukamwapisha asiseme. Sikumtuma wala sikumzuia. Jana alikwenda mwenyewe polisi Mafinga akaeleza yote. Ataitwa mahakamani, nami nitakuwa naye. Alinipigia alipotoka, akasema sasa anaweza kuja kumtazama mama yake usoni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hakuna tena unayemficha.

Wifi yako Tekla anakusalimu sana na amekufungia maharage. Yanakuja na barua hii kwa basi la asubuhi, Catherine atayapokea. Mungu akushike mkono.

Leo jioni daktari akipita, mwambie ulikuwa ndani ya gari la mwanao.

Kaka yako,
Ndalahwa