Neema na Picha ya Sikio

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Alhamisi jioni

Sauti ile siifuti. Mkuu wa shule aseme atakavyo.

Jana aliniambia mimi, mwalimu wa Neema: "Madame, kesho bageni banatoka Mbarara kuangalia tableti. Neema abakie kwao, asitupatishe haya." Tableti yenyewe ililetwa kwa ajili ya Neema! Mtoto ana otizimu. Zamani kelele zikimzidi alikuwa anajing'ata mikono na kupindua madawati. Sasa anagusa picha ya sikio, tableti inamsemea, naye anatoka nje kukaa fasi yake, mahali pake nyuma ya darasa, mpaka atulie.

Nilimleta. Nilimshika mkono, tukapita mbele ya ofisi kabisa.

Wageni walipoingia, mkuu akaanzisha wimbo wa kuwakaribisha, ngoma na makofi, watoto themanini ndani ya chumba kimoja. Neema akaziba masikio. Niliogopa, sitasema uongo. Halafu akagusa picha. Tableti ikasema kwa nguvu: "Kelele ni mingi. Ninaomba kutoka."

Wimbo ukakatika. Neema akapita katikati ya wageni, akaenda fasi yake, akakaa. Hakujing'ata hata kidogo.

Hilo mkuu hakuliona. Aliniita ofisini: "Mtoto anafukuza bageni na mashine! Futa ile sauti leo leo."

Sijui kama kazi yangu itafika mwisho wa muhula. Ila sauti iliyo mule ndani ya tableti ni yangu, nilimrekodia mwenyewe. Miaka yote hii nimenyamaza mbele ya mkuu huyu. Leo Neema ametusemea sisi wawili.